Fundi wa Besi Anajibu: Kanga ya Mama, Rangi ya Basi na Ubao wa Mpingo

Toleo lililopita niliwauliza wapiga besi swali moja: ukiachiwa ulifanye gitaa lako utakavyo, utabadilisha nini? Barua zimemiminika. Nyingine zimekuja na michoro ya kalamu za rangi, na moja kutoka Pangani imeandikwa nyuma ya karatasi ya ratiba ya harusi. Nimechagua zile ambazo jibu lake litawafaa na wengine.

Kabla sijaanza, neno kwa wale walioandika kwa kuona haya, wakiomba radhi kwamba wanataka "mapambo tu". Msione haya. Mtu anayelishika gitaa kila jioni ana haki ya kulipenda kwa macho pia. Na kwa sisi wa mwambao rangi ina kazi kubwa kuliko urembo: inazuia unyevu na chumvi ya bahari visiingie kwenye mbao. Gitaa lililokwanguliwa rangi likaachwa uchi hapa Ngamiani, Tanga, masika moja yanatosha kuivimbisha mbao pale shingo inapoingia, na kuanzia hapo hakuna kitakachokaa sawa. Ninachodai kwa kila mtu kabla ya ndoto yoyote ni shingo iliyonyooka, freti (vile vyuma vinavyoikatiza shingo) zilizosawazishwa na nyuzi zinazoshika sauti. Niletee gitaa la namna hiyo, tuzungumze rangi mpaka magharibi.

Besi ivae kanga

*Shikamoo fundi. Napiga besi kwenye kikundi cha taarabu hapa Makorora. Mama amenipa doti yake ya kanga ya zamani, jina lake WEMA HAUOZI. Natamani niibandike kwenye gitaa langu halafu ipigwe klia juu. Gitaa ni nakala ya Jazz Bass, jeusi. Inawezekana, au nitaharibu vyote viwili? — Binti wa Makorora*

Marahaba mwanangu. Inawezekana, na barua yako ndiyo iliyonifanya niweke kando kazi iliyokuwa mezani nikachukua penseli. Gitaa la besi liko kwenye taarabu ya mji huu tangu enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi vya Tanga vilivyoweka magitaa ya umeme mahali ambapo Unguja walikuwa na fidla na ganuni. Besi iliyovaa kanga ina kwao, na kwao ni hapa.

Jambo lenyewe si geni duniani. Mwaka 1968 kampuni ya Fender, ile ya Jazz Bass yenyewe, ilitoa Telecaster na Telecaster Bass zilizobandikwa karatasi za ukutani zenye maua, zikapigwa klia (rangi isiyo na rangi, inayoonyesha) juu. Nyingi zilikuja kupasuka ile klia. Kwa hiyo cha kuogopa si kitambaa, ni tabaka linalokifunika.

Anza na karatasi, usianze na mkasi. Chukua nailoni nyepesi inayoonyesha, ilaze juu ya gitaa, chora umbo lote kwa kalamu ya wino: pembe mbili, mashimo ya pikapu (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi), briji (chuma kinachoshika ncha za nyuzi), na kile kibati cha nobu. Kata umbo hilo, kisha tandaza kanga mezani na ulitembeze juu yake taratibu. Kanga ina karibu mita moja na nusu kwa mita moja na kitu. Gitaa lina nusu mita kwa sentimita 35 hivi. Huwezi kuweka kila kitu. Lazima uchague: utachukua pindo, utachukua mji wa katikati, au utalitaka jina?

Mimi ningelitaka jina. Lakini liweke mahali litakaposomeka ukiwa umelivaa gitaa. Gitaa likiwa kwenye stendi linasimama wima, ukilivaa linalala. Simama mbele ya kioo na gitaa lako begani, mwambie mdogo wako aibandike ile nailoni kwa tepu, na mtazame pamoja. Juu ya nyuzi mkono wako wa kulia utalifunika jina na jasho litalisugua. Chini ya nyuzi, kwenye Jazz Bass, kuna kibati cha nobu kinachokula nafasi. Nafasi nzuri iliyobaki ni ule mkanda wa nyuma ya briji kuelekea ukingoni, au nyuma ya gitaa kabisa, ambapo atalisoma mama yako utakapogeuka kuondoka jukwaani. Ile plastiki kubwa ya mbele iondoe moja kwa moja. Kwenye Jazz Bass unaweza, kwa sababu nobu zina kibati chao. Ziba matundu ya skrubu kwa vijiti na gundi. Wenye Precision Bass wasiige bila kumwona fundi, maana nobu zao zimening'inia kwenye plastiki hiyohiyo.

Sasa kitambaa. Kanga ya zamani ni bora kuliko mpya kwa kazi hii: imekwishafuliwa, wanga umetoka, rangi inayotaka kutoka imekwishatoka. Hata hivyo ijaribu. Lowesha pamba nyeupe kwa tina ya kuyeyushia rangi, igandamize kwenye kona itakayotupwa. Pamba ikitoka na wekundu, usipige klia ya tina moja kwa moja juu yake. Funga kitambaa kwanza kwa epoksi.

Rangi nyeusi ya gitaa lako isibaki chini. Kitambaa cha pamba kikilowa kwa klia kinakuwa kama kioo chembamba, na weupe wa kanga utageuka kijivu. Sugua gitaa kwa msasa, piga praima nyeupe mbele, acha ikauke kabisa. Piga kanga pasi. Paka epoksi nyembamba, laza kanga kuanzia katikati, sukuma hewa kuelekea pembeni kwa kadi ya simu iliyokwisha. Usivute, kwa maana ukivuta mistari ya mji itapinda na utaiona kila siku ya maisha yako. Epoksi ikishagandisha, kata ukingo kwa wembe mpya. Kata pia kitambaa chote kilichoingia mahali pa shingo: hata unene wa kanga pale chini utainua shingo na kubadilisha urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti.

Tabaka la kwanza la klia litasimamisha vinyweleo vya pamba. Vipitie kwa msasa namba 320 kwa mkono mwepesi, uishie kabla hujagusa nyuzi za kitambaa. Rudia klia na msasa mpaka ukipitisha kidole usisikie ufumaji. Pembeni, pale kanga ilipokatwa, puliza rangi nyeusi ya moshi inayofifia kuelekea katikati. Inaficha mshono na inafanana na gitaa la kiwandani.

Na ile kanga ya pili ya doti usiiguse. Mrudishie mama ajifunge siku ya onyesho.

Rangi ya basi

*Fundi habari za kazi. Mimi ni kondakta, na jioni napiga besi bendi ya dansi. Nataka gitaa langu liwe samawati ya metaliki inayong'aa kama basi letu, na mistari miwili ya fedha ubavuni. Fundi wa rangi za magari anasema ataipiga kwa saa moja. Wenzangu wananicheka, wanasema rangi ya gari itaua sauti. — Kondakta wa Kange*

Wenzako wakae kitako nikuambie kitu. Rangi za magitaa ya umeme zinazotafutwa kwa bei kubwa leo zilitoka kwenye magari. Miaka ya mwisho ya 1950 na ya 1960 Fender walikuwa wakinunua rangi za DuPont zilizotengenezwa kwa ajili ya magari. Samawati yao ya metaliki iitwayo Lake Placid Blue ilikuwa rangi ya Cadillac, na ule wekundu wa Fiesta Red ulikuwa wa Ford Thunderbird. Kwa hiyo wewe kutamani rangi ya basi unafuata mkondo uleule.

Sauti haifi. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Inausikia uzi wa chuma unavyotikisika mbele yake. Haijali basi wala Cadillac. Ninachojali mimi ni unene. Rangi nene kama ya bampa inaongeza uzito, inajaza mahali pa shingo, na likigonga kitu inabanduka vipande.

Kuhusu saa moja, fundi wako anasema kweli kuhusu kupuliza. Maandalizi na kukauka ndiyo kazi yenyewe. Fungua kila kitu: shingo, briji, pikapu, nobu. Mpelekee mbao tupu, usikubali afunike pikapu kwa gazeti. Msasa namba 180, kisha 320. Mbonyeo mdogo ziba kwa puti ya gari, ila usimwachie apake puti uso mzima kama anavyofanya kwenye mlango uliogongwa. Praima, sugua, kisha rangi ya metaliki kwa mapito mepesi. Hapo kuna siri ambayo mafundi wa magari wanaijua vizuri kuliko sisi wa magitaa: chembe za alumini hulala kufuata mkono wa mpulizaji. Akisita mahali pamoja, zinajikusanya na kuacha wingu. Mwambie apulize mbao ikiwa imelazwa, asiitundike wima. Mistari ya fedha ije sasa, kabla ya klia, kwa tepu nyembamba ya mafundi. Klia mwisho.

Usikubali apulize mvua ikiwa hewani. Tina ikiruka inapooza uso wa rangi, unyevu wa hewa yetu unanasa pale, na rangi inaamka na ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo. Machi hadi Mei mimi sipulizi kitu. Januari na Februari, jua likishapanda na umande umekauka, ndio wakati wangu.

Halafu kitu ambacho hakina mjadala. Klia ya magari inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha) ina kemikali iitwayo isosianeti. Hiyo inaharibu mapafu, na mtu akishapata pumu yake, hata harufu kidogo tu inamrudisha kitandani. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kama fundi wako hana barakoa ya vichungi vya kemikali, tafuta mwingine mwenye nayo, na wewe usisimame pale kutazama. Najua unatamani kuiona ikibadilika rangi. Kaa nje.

Ukirudishiwa, subiri. Ukiikandamiza kucha pahali pasipoonekana ikaacha alama, bado. Ikiwa ngumu, sugua kwa msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, kisha kompaundi ya kung'arishia. Shingo kwa nyuma usiipake klia ya kung'aa. Kwa jasho la ukumbi wa Tanga mkono utakuwa unanata. Iache iwe ya kufifia.

Linanguruma kama jenereta

*Kaka fundi, ndoto yangu ni kung'oa pikapu zote za Jazz Bass yangu na kuweka za betri, kwa sababu gitaa linanguruma mno, hasa nikipiga kwenye kumbi za huku. — Mpigaji, Pangani*

Ndugu yangu, usinunue kitu bado. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Noti ya G, freti ya tatu ya uzi mnene, ni mizunguko 49. Ndiyo maana mngurumo huo unakukera wewe mpiga besi kuliko mpiga solo: umekaa ndani ya nyumba yako.

Fungua nobu zote mbili za volyumu mpaka mwisho. Kwenye Jazz Bass nyingi pikapu mbili zimezungushwa kinyume, na zikiwa sawasawa mngurumo wa moja unafuta wa nyingine. Mngurumo ukinyamaza hapo, pikapu zako ni nzima. Sasa shika nyuzi kwa mkono. Mngurumo ukipungua, gitaa linahitaji kuvikwa ndani: bandika tepu ya shaba kwenye mashimo yote ya pikapu na nobu, vipande vyote vigusane, kisha chomea waya mmoja kutoka kwenye shaba kwenda kwenye ethi, yaani mgongo wa nobu ya volyumu. Pima kwa mita kuhakikisha kila kona inawasiliana. Hiyo ni kazi ya alasiri moja.

Mngurumo ukizidi unaposhika nyuzi, au midomo ikipigwa shoti ukigusa maikrofoni, simamisha muziki. Hapo tatizo ni soketi ya ukumbi au amplifaya. Kuna watu hukata waya wa ethi wa amplifaya ili kunyamazisha mlio. Usifanye hivyo na usimruhusu mtu akufanyie. Waya huo ndio unaokulinda usife umeshika gitaa.

Pikapu za betri ni nzuri, nazipenda kwa wanaorekodi. Ila betri ya volti 9 ikiisha katikati ya harusi, besi inakoroma au inazima kabisa. Beba ya akiba.

Nyuzi tano kwenye shingo ya nne

*Bwana asifiwe fundi. Mimi ni mpiga besi wa kwaya, mwanamke, mikono yangu midogo. Nyimbo zetu nyingi Do ni E flati na mwalimu anataka sauti ya chini kabisa. Naweza kuongezewa uzi wa tano kwenye gitaa langu la nyuzi nne? — Dada wa Kwaya, Korogwe*

Amina dada yangu. Uzi wa tano nakukatalia. Shingo yako ina upana wa nyuzi nne. Ukibana tano, vidole vitakosa pa kukanyaga, na itabidi ubadilishe briji, kichwa na pikapu. Kwa gharama hiyo nunua jingine.

Tazama unachohitaji hasa. Uzi wako mnene unatoa E, mizunguko 41. E flati ya chini iko nusu hatua tu chini yake. Kipo kifaa cha kichwani kinachoingia mahali pa sikio (kikazio) la uzi mnene, chenye kijiti: ukikigeuza uzi unashuka hadi D, ukikirudisha unapanda E. Mwalimu akisema Do ni E flati, unageuza na unaikanyaga kwenye freti ya kwanza. Wimbo ukiisha unarudisha. Ni badiliko dogo, halitobolewi kitu kikubwa, na lile sikio la zamani unaliweka kwenye sanduku.

Njia nyingine ni kufunga nyuzi nne za chini za gitaa la nyuzi tano, yaani B, E, A, D. Itabidi mifereji ya kile kipande cha mfupa kichwani ipanuliwe kwa faili. Lakini B ya chini ni mizunguko 31 na spika nyingi za makanisani hazifiki huko. Waumini watasikia vumbi la sauti tu. Mkono mdogo hauna tatizo na gitaa la kawaida kama nyuzi ziko chini na mkanda wa begani ni mpana. Ukishindwa kabisa, yapo magitaa ya besi ya urefu mfupi, inchi 30 badala ya 34, na wakubwa wengi wameyapiga.

Kung'oa freti

*Mzee shikamoo. Nataka kung'oa freti zote besi iimbe kama udi. Rafiki yangu anasema nitaharibu. — Kijana wa Chumbageni*

Marahaba. Udi hauna freti na hakuna anayesema umeharibika. Jaco Pastorius, mpiga besi wa Florida, alilipiga Jazz Bass la mwaka 1962 lisilo na freti. Nafasi zilimokuwa freti zilizibwa na ubao ukapakwa epoksi ya mashua ili nyuzi zisiule. Huku kwetu mafundi wa boti za faiba wapo, kwa hiyo dawa hiyo haiko mbali nawe.

Masharti yangu ni mawili. Usifanye kwenye gitaa lako la pekee. Tafuta shingo ya pili, hata iliyochakaa freti, maana hiyo ndiyo inayofaa. Na sikio lako liwe tayari: kaa na mpiga udi au fidla, imba noti kabla ya kuikanyaga.

Freti pasha kwa pasi ya kuchomea risasi kwanza, ndipo uing'oe polepole kwa koleo lenye mdomo bapa. Ukiivuta ikiwa baridi, inatoka na vipande vya ubao. Ziba nafasi kwa vipande vyembamba vya mbao nyeupe ili mistari ionekane. Kwenye besi ya inchi 34 mstari wa kwanza uko milimita 48 na nusu kutoka kwenye kipande cha mfupa, wa 12 uko katikati kabisa, na kidole sasa kinakanyaga juu ya mstari wenyewe, si nyuma yake. Kile kipande cha mfupa kishushwe karibu kabisa na ubao. Funga nyuzi laini zisizo na mikwaruzo.

Mpingo wa babu

*Fundi, babu aliniachia gogo la mpingo lililokaa stoo miaka mingi. Nataka besi nzima ya mpingo, kila kitu. — Mjukuu, Muheza*

Mwanangu, mpingo unazama majini. Kiwiliwili cha besi kwa mpingo mtupu kingepita kilo 5 kabla hujaweka shingo wala chuma. Ungelipiga ukiwa umeketi, na ungelichukia.

Lakini nakuelewa, na gogo hilo nalionea wivu. Mpingo ndio mti wa zumari, na viwanda vya Ulaya vinautengenezea klarineti na oboe kwa sababu haunyonyi maji kirahisi na unakubali kuchongwa kwa ncha kali kabisa. Mahali pake kwenye besi ni pale vidole vinapogusa. Ubao wa vidole unahitaji kipande kilichonyooka cha sentimita 70, upana sentimita 6 na nusu, unene milimita 6. Miti ya mpingo hupinda na kuwa na mapango ndani, kwa hiyo huenda gogo lisikupe urefu huo. Lipasue kwa msumeno wa bendi utazame. Likikupa, tumepata ubao wa vidole. Lisipokupa, tutachonga nobu, kiegemeo cha kidole gumba na kipande cha kufunika kichwa. Ncha zipake nta mara baada ya kukata, la sivyo zitapasuka. Kiwiliwili kiwe cha mkangazi. Vaa barakoa, vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua.

Na kwa wanaotaka kununua: mpingo unavunwa kwa kibali. Dai karatasi za Wakala wa Huduma za Misitu kutoka kwa muuzaji. Huko Kilwa vijiji vimekuwa vikivuna mpingo kwa cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, tangu 2009, na fedha inabaki kijijini. Mti huu unachukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa, na mimi sipokei mpingo usio na karatasi.

Kwa kifupi

*Kijana wa Lushoto anataka gitaa lake jipya likwanguliwe na kuchomwa kidogo lionekane la zamani.* Sifanyi. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa ustadi na sina ugomvi nao. Mimi nikiona gitaa jipya naona miaka ambayo bado ni yako kulichakaza. Lipige.

*Msomaji wa Sahare anauliza kama sifa, yaani mafuta ya papa, inayopakwa majahazi inafaa kwenye mbao ya gitaa.* Kwa jahazi ndiyo. Kwa gitaa hapana: harufu haitatoka, na hakuna atakayesimama karibu nawe jukwaani.

*Mama wa Usagara anapaka mafuta ya nazi ubao wa vidole wa gitaa la mwanawe.* Mafuta ya nazi hayakauki kamwe, shikamoo mama. Yanabaki yananata, yanashika vumbi, mwisho yanachacha. Tumia ya kitani yaliyochemshwa, matone machache, na uyafute yote baada ya dakika chache. Kitambaa ulichofutia usikikunje ukatupa kwenye ndoo. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na tambara lililosongwa huweza kuwaka lenyewe. Litandaze nje likauke, au lilowekwe majini.

Toleo lijalo nitajibu barua za briji na nyuzi zinazopata kutu. Ukiandika, taja aina ya gitaa, idadi ya nyuzi, na unapigia wapi: kanisani, ukumbini au barazani. Picha ya shingo ipigwe kwa ubavu, kutoka kichwani kuelekea kwenye briji, ili niione imepinda upande gani.